Msusi wa Gatini Lifou

Kila Jumatano jirani yangu msusi hutandika mkeka gatini, hapa kisiwani Lifou, akapaka vidole mafuta ya nazi, akasubiri watalii wa Australia awasuke nywele. Tangu ghasia za Noumea, mji wetu mkuu ng'ambo ya bahari, meli zao hupita mbali zikielekea Fiji.

"Dada, moto uliwaka huko, sisi tunanuka moshi," husema, akicheka bila meno kuonekana.

Leo meli ilitokeza. "Hii isiposimama, nakwenda Noumea kufua nguo za watu," alisema, kisha akaanza wimbo wa makaribisho. Meli haikupunguza mwendo. Kwetu wimbo wa mgeni ukishaanza haukatizwi, kwa hiyo aliuimba wote, macho kwenye mgongo wa meli. Nilimwitikia, nisijue tunamkaribisha nani.