Lori la Serikali na Kuku Wangu

Siku hiyo darasani Kitengela tulikuwa mwalimu, watoto wa darasa la sita na kina mama watatu tulioalikwa kusikiliza somo, mimi nikiwemo. Mwalimu alieleza ukame uliomaliza mifugo Kajiado, na jinsi serikali ilivyotuma malori kununua ng'ombe waliokonda kabla hawajafa.

"Kwetu lori lilifika wakiwa wamekufa wote," msichana mmoja akasema, ameinamisha kichwa. "Baba hajaanza kufuga tena."

Binti yangu akasimama. "Mimi niko na kuku. Nitakupea."

"Wee! Baba hajui kuchunga kuku!" msichana akamjibu.

Darasa likacheka, naye akacheka. Mimi nilicheka kidogo tu. Kuku ni wangu, na kwetu Magharibi mwa Kenya kuku ni wa heshima, hapeanwi ovyo. Lakini serikali ikichelewa, jirani asichelewe.

Jumamosi baba ya yule msichana mwenyewe alikuja kwangu, akaondoka na kuku kwapani. Sasa kwao wako na vifaranga.