Mstari wa Tisa Usiachwe Wazi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi, watu wazima kumi na wanne wanajibana kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu. Magoti hayaingii. Kinyozi mmoja mnene ameamua kukaa pembeni, mguu mmoja nje, kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata.

Mbele yao, mwanamume wa miaka hamsini na minne anapanga skafu mezani. Amezipiga pasi mwenyewe. Siku nyingine za wiki hunyoosha mashati ya watu katika duka la dobi. Leo anawafundisha viongozi wa kujitolea wa skauti, pamoja na wazazi wa watoto watakaokwenda nao kambini Ijumaa.

Anagawa karatasi moja moja. Ni fomu ile ile ambayo mzazi hujaza kabla ya kambi.

"Jazeni," anasema. "Si ya mtoto, yenu wenyewe. Na mstari wa tisa msiuruke."

Mstari wa tisa unauliza hivi: Kuna jambo gani kuhusu mtoto huyu ambalo watakaomlea kambini wanapaswa kulijua?

"Mwalimu, mimi nina kitambi tu," anasema kinyozi.

"Kiandike. Utapanda kilima na watoto, anayekufuata anatakiwa ajue utasimama mara ngapi."

Darasa linacheka, kisha linatulia. Kalamu zinaanza kutembea.

Watoto wa skauti humwita Mzee Fomu. Anajua, na hakasiriki. Fomu yake mwenyewe ameibandika ukutani, anayetaka aisome. Imeandikwa kwamba jicho lake la kushoto halioni vizuri jua likizama, mgongo unamuuma akibeba ndoo, na asipokula mapema anakuwa mkali.

"Nakuomba siri ya mwanao," anaeleza. "Basi na wewe uwe na ya kwangu."

Zamani hakuwa hivyo. Miaka tisa iliyopita alikubali kuongoza kundi la skauti la mtaani kwake kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. "Nilipewa filimbi, skafu na watoto ishirini na wawili," anasimulia. "Nikauliza, mafunzo je? Nikaambiwa, wewe ni mtu mzima, utajua."

Katika kambi yake ya kwanza, asubuhi ya pili, chai ikiwa jikoni, mvulana wa miaka kumi na miwili alianguka kando ya moto. Mwili ulikakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Kiganja chake cha kulia kiliingia kwenye makaa.

Yeye na kiongozi mwenzake walimvuta pembeni. Halafu wakafanya walichowahi kuona watu wakifanya. Mmoja alimkandamiza mabega, mwingine akamwingiza kijiko mdomoni.

"Kijiko nilikishika mimi," anasema. Anaangalia mikono yake, iliyojaa alama ndogo za pasi. "Meno matatu yalivunjika. Nilisikia."

Mvulana alipona majeraha yake. Hospitali waliwaambia kwamba kilikuwa kifafa, na kwamba mgonjwa wa kifafa hakandamizwi wala hawekewi kitu mdomoni. Jioni baba wa mtoto alifika, akasimama mlangoni, akasema alikuwa anajua. Yeye na mkewe walidhani mtoto ameshapona. Tena waliona haya.

Kwenye fomu, mstari wa tisa ulikuwa mtupu.

"Niliuona," anasema Mzee Fomu. "Nilikuwa na karatasi ishirini na mbili mkononi na basi linapiga honi. Nikaichomeka katikati ya zingine. Watu walimlaumu baba wa watu. Mimi simlaumu. Hakuna aliyekaa naye akamuuliza. Tulimpa karatasi tu."

Kiongozi mwenzake aliacha wiki iliyofuata. Mvulana naye hakurudi skauti. Sasa ni kijana wa miaka ishirini na mmoja, anakaa barabara ya pili kutoka kwenye duka la dobi.

"Tukionana ananisalimia kwa kichwa, kutoka upande wa pili. Havuki. Na mimi sijawahi kuvuka."

Alitaka kuacha pia. Badala yake alimwomba muuguzi mmoja amfundishe, akawa anakwenda kila wiki kama mwanafunzi. Viongozi wa makundi mengine walianza kumfuata. Leo mafunzo yake ni ya Jumamosi sita, na ya mwisho huhudhuriwa na wazazi. Hakuna anayelipwa. Kila Jumamosi anayokuja darasani anakosa malipo ya mashati arobaini.

"Mke wangu ananiambia, wewe unanyoosha ya watu wote, ya kwako yamekunjamana," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Kambi iliyopita, fomu kumi na tisa kati ya thelathini na moja zilirudi zikiwa hazina kitu kwenye mstari wa tisa. Aliketi na kila mzazi peke yake, mlango umefungwa. Zote zikajazwa. Kulikuwa na pumu, kulikuwa na mtoto anayekojoa kitandani, kulikuwa na mtoto aliyefiwa na mama yake miezi minne nyuma na hawezi kulala bila taa.

Safari hii imebaki fomu moja. Ni ya binti wa miaka kumi na mmoja. Mama yake, msusi, ameketi dawati la nyuma kabisa, mkoba mapajani. Fomu imerudishwa kwake mara mbili, na bila mstari wa tisa binti hapandi basi Ijumaa. Kabla ya kipindi kuanza, walizungumza kwenye ukumbi wa nje.

"Mwalimu, nimeshakwambia mtoto hana kitu."

"Sawa, mama. Basi andika, hana kitu. Kwa mkono wako."

Mama alishika kalamu. Hakuandika.

Saa nne ni mazoezi ya huduma ya kwanza. Leo ni zamu ya kifafa. Mzee Fomu anaomba mtu wa kulala chini.

"Nipo," anasema kinyozi. "Sakafu naijua. Nikichelewa kurudi nyumbani ndipo ninapolazwa."

Fundi bomba, dada wa miaka ishirini na minne atakayeongoza kikosi cha wasichana, anapiga magoti. Anasogeza madawati. Anakunja skafu na kuiweka chini ya kichwa cha kinyozi, anatazama saa, halafu anamgeuza ubavu. Hamkandamizi. Haweki kitu mdomoni. "Dakika tano zikipita bila kutulia, hospitali," anasema, na Mzee Fomu anaitikia kwa kichwa.

Kisha fundi bomba anamwinamia kinyozi na kumtikisa bega. "Kaka! Kaka, unanisikia?" Wengine nao wanasogea, wanazunguka.

"Msimwite hivyo."

Sauti inatoka nyuma. Msusi amesimama.

"Mnamwita sana, na hawezi kujibu. Na nyie wengine rudini mkakae. Akifumbua macho akakuta nyuso zote hizi zinamtazama, anatamani ardhi immeze. Abaki mtu mmoja. Huyo mmoja akae chini, asimsimamie kichwani. Na awe na shuka karibu, maana huenda amejilowesha."

Kinyozi hacheki. Amelala vile vile, macho yamefumbwa.

"Halafu, dada?" fundi bomba anauliza taratibu.

"Halafu unasubiri. Atauliza swali lile lile mara nne, mara tano. Unamjibu kila mara kama ndiyo kwanza ameuliza."

Hakuna anayemuuliza amejuaje. Fundi bomba anaanza upya tangu mwanzo. Safari hii msusi anapiga magoti kando yake, anamshika mkono na kuusogeza kidogo, kutoka begani kwa kinyozi hadi mgongoni. "Hapa," anasema. "Hapa panamtuliza."

Zoezi lilipokwisha, msusi alikwenda mezani akaomba kalamu. Aliandika kwa muda mrefu. Mstari haukutosha, akageuza karatasi.

Baadaye, mlango umefungwa, alieleza. "Shule ya kwanza nilisema ukweli. Kesho yake kikombe cha mwanangu kilitengwa, kikapakwa rangi nyekundu ili wenzake wasikosee wakakinywea. Alikuwa na miaka saba. Nikaapa sisemi tena." Amekubali habari hii iandikwe, ili mzazi mwingine aliyeshika kalamu bila kuandika aisome.

Mzee Fomu hakumwambia asione aibu. Alimuuliza dawa ni za saa ngapi, na nani azibebe. Akamwahidi kwamba fomu itasomwa na fundi bomba na yeye mwenyewe, basi, na kambini itakaa kwenye mkoba wake wa shingoni.

Saa saba binti anafika kumchukua mama yake. Ni mwembamba, sketi ya sare bado haijakunjwa pindo. Anaiona karatasi mezani.

"Mmeandika habari zangu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mimi sijaulizwa."

Mzee Fomu anamsogezea karatasi. Binti anasoma upande wa kwanza, anageuza, anasoma wa pili.

"Kuna nilipokosea?" mama anauliza.

"Hapana. Kuna ulipoacha."

Anachukua kalamu, anaandika chini kabisa, kwa herufi kubwa: Nikiamka niambieni ni saa ngapi na wenzangu wamefanya nini nikiwa sipo, nisipitwe.

Mzee Fomu anaisoma polepole. Anaisoma tena. Mama na binti wanaaga, na darasa linabaki na madawati yake madogo.

Mzee Fomu anasema kabla ya Ijumaa fomu itakuwa na mstari wa kumi, wa kujazwa na mtoto mwenyewe. Baadaye anataka kila kundi linaloletwa kwake liutumie, na kila kiongozi ajifunze kuuliza kabla ya kugawa karatasi.

"Miaka tisa nawauliza wazazi," anasema, akizikunja skafu. "Yule mvulana sikuwahi kumuuliza kitu. Hata meno yalimuuma kiasi gani, sikuuliza."

Fomu mpya ya kwanza, anasema, ataipeleka kesho Jumapili, barabara ya pili kutoka kwenye duka la dobi. Atamwomba yule kijana aje siku moja awafundishe viongozi yeye mwenyewe.

"Akikataa ni haki yake," anasema. "Lakini kesho navuka."