Moshi Niliofukiza Chini ya Mkuyu wa Jirani

Nyie vijana mtakaosoma hapa, mnisikilize kabla ya kunicheka. Nimekosa. Sikusingiziwa, wala sisemi ni shetani. Ni mikono yangu hii.

Nina jirani hapa Muleba, ukingoni mwa ziwa. Wiki tuliyomzika mume wangu, mwanamke huyo aling'oa milamula, ile mimea ya mpaka, akaipanda ndani ya kibanja changu. Udongo wa kaburi haujakauka! Tangu hapo sijanywa maji yake. Na sitayanywa.

Basi, ziwa likapanda, likameza miti ya ufukweni walikokuwa wakitagia minandi, wale ndege weusi wapiga mbizi. Wakahamia kwenye mkuyu wa jirani.

Mjukuu wangu, niliyemlea tangu hajaota meno, anasoma chuo kikuu mambo ya ndege. Akaja kuwachunguza: makao yakizama wanajengaje upya, makinda wanawalisha nini. Akakaa kwangu siku chache tu.

"Bibi, dirisha la jirani yako Ma Justa linatazama viota. Nitahamia kule kidogo."

"Kwa yule?"

"Mpaka wenu mimi unanihusu nini, Bibi?"

Mawe, mama yangu wee! Akahamia kule. Na jirani hakutosheka. Tukiwa kisimani na wanawake wenzetu akapaza sauti: "Mae, mjukuu wako amewamaliza senene wangu! Kwako alikuwa anashinda njaa?"

Wakacheka wote. Nikasema moyoni, utaniona.

Jumapili jirani na mjukuu walipokwenda kanisani, nikachukua moto, majani mabichi ya mgomba na pilipili kavu. Nikafukiza chini ya mkuyu ule huku nagonga sufuria. Nilitaka jirani akute mti mtupu, mgeni wake arudi kwangu. Ndege wakubwa wakaruka. Makinda je? Sikuwafikiria! Wakaanza kudondoka, puu, puu, wengine majini. Na Mungu ananiona, nilikuwa nafurahi.

Mjukuu ndiye aliyetangulia kurudi. Hakulia. Aliokota kinda mmoja aliyekufa, akamweka miguuni pangu.

"Ulitaka kumpiga yeye, Bibi. Umenipiga mimi."

Kazi yake yote ya chuo ilikuwa juu ya mti ule! Jioni akapanda gari kwenda kwa shangazi yake Buhembe. Nikimpigia simu, hapokei. Na jirani? Anapika, anakula, anaimba!

Msidhani nimemsamehe. Mpaka wangu bado naudai, na mbele ya baraza la ardhi tutaonana, hata kama nitakwenda na mkongojo. Lakini nyie, mkiwa na adui, mkabilini yeye mwenyewe, mchana, usoni, watu wakiona. Msipige vya pembeni. Mimi nilipiga vya pembeni, nikampiga mjukuu wangu.

Sasa minandi wamerudi, ila si kwa jirani. Wamejenga kwenye mifenesi yangu, na kinyesi chao kinaunguza kahawa iliyo chini. Jana mwanangu alitoka na mawe mkononi.

"Mama, kahawa itakwisha!"

Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Nikawaita wote wa nyumba hii nikawaambia: hakuna jiwe, hakuna moshi, hakuna kupiga kelele. Kahawa ife. Na atakayekwenda Buhembe kesho asiniombee msamaha. Amwambie tu ndege waliko.