Albamu Mpya Mbele ya Ng'ombe wa Mahari

Nikisema yamenitoka rohoni nitakuwa ninadanganya, maana mpaka leo nikipita Kirolirwe ninavuta kofia mpaka kwenye pua, na bado watoto wananitambua.

Kaka yangu Espoir alikuwa anapeleka ng'ombe wa mahari kwao na mchumba wake, Furaha, kule Kirolirwe, na mimi, kwa sababu siwezi kusema mbele ya watu (hata kanisani ninachezesha midomo tu), nilipewa kazi ya kukaa nyuma ya bafle, lile spika kubwa, na kuweka muziki. Espoir aliniambia wazi:

"Ng'ombe zikiingia, weka Riziki Kasuku, ile ya polepole. Usinichezee, mudogo wangu. Baba yake Furaha hajakubali bado."

Kwetu mzee anaweza kuwatazama ng'ombe namna wanavyoingia uani, akakataa, nanyi mkarudi nao nyumbani bila neno.

Sasa albamu ya kwanza ya Riziki Kasuku kila mtu anaijua, ni gitaa moja na sauti ya mama anayebembeleza mtoto, na asubuhi ileile rafiki yangu alikuwa amenitilia albamu yake ya pili kwenye telefone, mpya kabisa, nikajisemea nitakuwa wa kwanza kuipiga Kirolirwe, basi nikaichagua bila kuisikiliza (nilikuwa ninachunga moto wa betri usiishe).

Ng'ombe watano wakaingia, wanang'aa, wazee wamesimama na fimbo zao. Nikabonyeza.

Kumbe Riziki alikwenda Kinshasa na gitaa akaliacha njiani! Ilianza sirene kama ya polisi, halafu ngoma kama lori linalomwaga mawe, halafu yeye mwenyewe, anapiga kelele: "Huyu bwana nimemuchoka, mumurudishie ng'ombe yake!"

Na ng'ombe wakageuka kweli.

"Zima! Zima, we mujinga!" Espoir alilia. Nilibonyeza kila kitu, sauti ikapanda, telefone ikaniponyoka, ng'ombe mmoja akaikanyaga na ndipo kukawa kimya. Wote watano walikuwa ndani ya shamba la maharagi ya mzee.

"Ni nani aliweka ile makelele?" baba yake Furaha aliuliza. Vidole vyote vikanionyesha. "Ni wewe? Muziki yako ilizifukuza, muziki yako itazirudisha. Imba."

"Papa, mi sijue kuimba."

"Hata ule dada hajue. Imba, ao mubebe ng'ombe zenu murudi kwenu Karuba."

Espoir alinitazama kama mtu anayezama mtoni. Basi nikaingia kwenye maharagi, nikaimba ile ya polepole kwa sauti ya mbuzi aliyefungwa vibaya, na watu wote wa uani, wanawake, wazee na fimbo zao, na shangazi zangu (hao ndio walicheka zaidi) wakinisikiliza. Lakini ng'ombe wa milima yetu wamezoea kuimbiwa na wachungaji. Wakainua vichwa, wakanifuata mmoja mmoja mpaka uani.

Mzee alikuwa amecheka mpaka ameketi chini. Akafuta macho, akasema: "Kama zinaweza kuvumilia ile sauti, ni ng'ombe nzuri. Nimekubali."

Wameoana. Mimi nimeapa: albamu ya mtu yeyote ninaisikiliza kwanza peke yangu, mbali na watu. Na ile ya pili, niseme ukweli, nimeipenda sana. Lakini siiweki tena mbele ya kitu chenye pembe.