Uvimbe wa Shingoni

Miaka ile wakimbizi walipojaa Kigoma, mama mmoja wa Kirundi alikuwa akitufulia nguo nyumbani kwetu Ujiji, na chai tulikunywa naye pamoja. Nilipotokwa na uvimbe shingoni, mama yangu hakutaka kuuliza.

"Kifua kikuu hicho, hushika hata tezi za shingo! Katuletea huyu kutoka kambini."

Akamfukuza, na kikombe chake akaenda kukitupa ziwani. Kikombe kizima, cha maua! Mpaka leo kinanikera.

Mimi nikawa situlii. Kutwa vidole viko shingoni: umekua? Umepungua? Usiku usingizi unapaa.

Mama akanipeleka zahanati. Tabibu aliubonyeza uvimbe, nikaruka kwa maumivu. Akauliza kama nakohoa, kama natokwa na jasho usiku, kama nimekonda. Yote nikakataa. Ndipo akapekua nywele zangu, zilizosukwa kwa uzi tangu Idi, akakuta kidonda nyuma ya sikio, kinatoa usaha.

"Tezi imevimba kwa sababu ya hiki," alisema. "Nani kakusuka, kakubana mpaka ngozi imechanika?"

Nilimgeukia mama. Alikuwa anaificha mikono yake ndani ya kanga.