Kiungulia cha Elisifa

Wifi yangu Elisifa hupika mtori ambao mzazi akiunywa, maziwa yanajaa yenyewe. Hapa Njoro mwanamke akijifungua, huitwa yeye. Anamenya ndizi, anachemsha nyama ya mifupa mpaka ilainike, anaponda, anamnywesha mwenye mtoto. Kisha anarudi kwake kwa kaka yangu Aminieli, kwenye nyumba iliyo kimya. Wameoana zamani, na mtoto hawajapata.

Masika ya mwaka huu kiungulia kikamshika. Kifua kinawaka, mate yanamjaa mdomoni, hata chai haipiti. Wanawake wa sokoni, ambao mdomo wao haujui likizo, wakamwambia kiungulia cha namna hiyo ni cha mtoto mwenye nywele nyingi. Basi, Elisifa akaanza kuvaa madera mapana kama mjamzito.

Mimi mambo ya kubahatisha siyawezi. Nikamkokota hadi zahanati. Wakampima: mimba hakuna, ni asidi imezidi tumboni. Wakampa vidonge vya omeprazole, ameze kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yameisha.

Baada ya siku kadhaa nikamkuta jikoni kwake, ameinamia sufuria, mkono kifuani, jasho linamtoka. Vidonge viko juu ya kabati, hakuna hata kimoja kilichoguswa. Nikapandwa na hasira.

"Wifi, unataka tukuzike na dawa zako? Kwa nini humezi?"

Aliepua sufuria, akakaa kwenye kigoda.

"Vipimo hukosea," akasema. Kisha akashusha sauti. "Na kama havikukosea, najua, wifi. Mimi si mjinga. Lakini kikiniwakia asubuhi najiona kama wenzangu. Nikimeza kitaisha, na mimi nibaki na nini?"

Uchungu ulinishika mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia tu kwamba sisi tunamtaka yeye, mzima, awe na mtoto au asiwe naye. Nikamletea maji. Akameza huku analia.

Tangu hapo nilipita kwake kila asubuhi. Jumapili moja tukiwa njiani kwenda kanisani, akasimama.

"Wifi, nimepona. Hakiwaki tena."

Mtu akikwambia amepona, unampa hongera. Mimi nilimshika mkono, nikamwambia pole.