Godoro la Panzi

Hakuna kochi lililowahi kutoka kwenye karakana ya Mama Kalia bila yeye mwenyewe kulikalia. Na msidhani ni kule kukaa kwa kistaarabu, mguu juu ya mguu. Mama huyu alijaliwa mwili. Aliligeuzia kochi mgongo, akainua mikono, akajitupa kama gunia la mchele linaloshushwa kwenye lori. Kochi likilia, lilirudi kwa seremala, ambaye kwa bahati nzuri au mbaya alikuwa mumewe. Lisipolia, mteja aliambiwa, "Haya, kalia na wewe," na hapo ndipo jina lilipotoka. Lile alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi. Mume alikaa upande wa dirishani na randa zake, mke upande wa mlangoni na cherehani, na katikati palikuwa na vumbi la mbao lililochanganyika na chembe za sponji. Waligombea redio tangu asubuhi, kisha mchana wakala sahani moja. Binti yao wa pekee alikulia humo humo, chini ya meza ya kukatia vitambaa, na mama akigeuka kidogo tu, juu ya makochi ya watu. Mtoto yule alikuwa hatembei, anaruka. Majirani wakamwita Panzi. Kama kuna neno alilolisikia kuliko yote utotoni mwake, ni "Shuka!"

Panzi akakua, akawa msichana mrefu wa miguu, na kushuka hakushuka. Kocha mmoja mzee wa pale mtaani alimwona akiruka ukuta wa shule, na badala ya kumshtaki akamfundisha kuruka kwa upondo. Ni mchezo wa ajabu kidogo. Unakimbia na upondo mrefu mkononi, unauchomeka kwenye kisanduku cha chuma kilichofukiwa ardhini, upondo unapinda, unakurusha juu miguu ikitangulia, unauachia upondo, unavuka kizuizi, halafu unarudi duniani kwa mgongo. Mama Kalia alipoelezwa hayo aliuliza swali moja tu.

"Na huko chini anaangukia nini?"

Kocha akakohoa. Uwanja wake ulikuwa na njia ya kukimbilia, kisanduku, nguzo mbili, uzi wa mpira uliofungwa mahali pa kizuizi, na upondo wa mtumba. Godoro ndilo halikuwepo. Kwa hiyo Panzi alifanya mazoezi ya chini kwa chini: kukimbia na upondo, kuuchomeka, kuning'inia kwenye kamba kichwa kikiwa chini. Kuruka kwenyewe kulisubiri.

"Mama," kocha alisema kwa upole, "si wewe ndiye fundi wa sponji?"

Alikubali upesi mno hata mumewe akamtazama mara mbili. Sababu hakumwambia mtu. Hesabu yake ilikuwa hii: godoro likiwa mikononi mwangu, mwanangu yuko ardhini. Basi akalishona kwa mwendo wa kobe. Leo uzi umekatika, kesho turubai si lenyewe, wiki ijayo kuna makochi ya watu wenye haraka. Kocha akapigwa danadana mpaka akazoea.

"Hivi hilo godoro unalishona au unalilea?" mumewe aliuliza.

"Randa mbao zako."

Siku moja mchana alikwenda uwanjani kupima nguzo, maana alikuwa ameishiwa visingizio na alihitaji kipya. Alipokata kona ya choo cha uwanja, akamwona Panzi angani. Chini yake palikuwa na rundo la matairi chakavu na magunia yaliyoshindiliwa majani. Msichana aliangukia magunia, yakasogea, kiwiko chake kikagonga tairi. Akainuka akikunguta mkono na kucheka peke yake. Kisha akamwona mama yake, na kicheko kikakatika.

"Kocha hajui, mama. Tafadhali usimwambie. Mashindano yanakaribia na godoro haliishi, ningefanyaje?"

Mama Kalia alikuwa na matusi ya kutosha mtaa mzima, lakini siku hiyo hakutoa hata moja. Alirudi karakanani akijua wazi kwamba yale matairi yeye ndiye aliyeyapanga.

Kuanzia hapo, cherehani haikupumzika. Alitafuta sponji ngumu ya daraja la kwanza, akalivuta turubai hadi likakaza kama ngoma, akalishona mishono miwili miwili na kuipaka gundi ili hata hewa isipate pa kupenya. Godoro likatoka bila kikunyanzi. Lilikuwa kubwa kuliko chumba chao cha kulala, na kwa kweli lilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Walilipeleka uwanjani kwenye mkokoteni, mume akisukuma na ngazi yake juu ya mzigo, bila kuambiwa ngazi ni ya nini. Kocha alilizunguka akilipapasa.

"Mama, hapa umemaliza kazi."

Panzi alikuwa ameshaokota upondo.

"Weka chini huo mti," mama yake alisema. "Hili halijakaliwa."

Wote walidhani anatania, mpaka alipovua viatu na kushika ngazi.

"Mke wangu," alisema mumewe, "kuna umri wa kupanda ngazi, na kuna umri wa kushikiwa mkoba."

"Nishikie ngazi."

Alipanda, akageuka mgongo kama alivyomwona binti yake, akajiachia. Godoro likamkataa. Lilimpokea na kumrusha pale pale, akabingirika pembeni akaangukia nyasi kwa nyonga. Hakuna aliyecheka, hata mumewe, ambaye huchekea mambo madogo kuliko hayo. Mama Kalia alilala akitazama mawingu, na maumivu hata hakuyasikia vizuri. Alikuwa anaifikiria shingo ya Panzi, ikitoka kule juu kwenye uzi wa mpira.

Alipoketi alikuwa ameshaliona kosa lake. Alikuwa ameshona kochi. Kochi zuri linakuinua, halikubali kubonyea, na yeye alikuwa ameishindilia hewa mle ndani na kuifungia mlango.

"Yale niliyoyaona mimi yana wavu ubavuni, hewa inatoka," kocha alisema taratibu. "Nilifikiri unajua."

"Na mimi nilifikiri unajua kwamba sijui."

Mkasi haukosekani kwenye mkoba wake. Alipiga magoti, akaifumua mishono yake mwenyewe mbele ya watu, ile ile aliyokuwa akiionea fahari tangu asubuhi. Kocha akaleta wavu chakavu wa voliboli kutoka stoo, wakaukunja mara kadhaa, na mama akaushona ubavuni kwa sindano kubwa iliyopinda. Mumewe akaitoa sponji na kuitoboa mashimo kwa msumeno, akilalamika kwamba yeye ni mtu wa mbao. Panzi alipitisha uzi kila sindano ilipoishiwa, bila kuhimiza. Jua lilikuwa bado liko juu walipomaliza.

Mama Kalia akaishika tena ngazi. Safari hii alisimama kwenye kidaraja cha kwanza muda mrefu.

"Naogopa," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

"Hata mimi. Tuache?"

"Shika ngazi."

Akajiachia. Godoro likashusha pumzi ndefu, likazama naye taratibu, likamweka. Alikuwa amefukiwa kwenye turubai hadi masikioni, na hakuna kilichouma zaidi ya nyonga ya mwanzo. Alijaribu kutoka akashindwa. Akaanza kucheka, na machozi yakamtiririkia masikioni, na hakuyafuta, kwa sababu hofu aliyoibeba tangu siku ya matairi ilikuwa imetoka na ile hewa. Ilibidi mume na kocha wamvute, kila mmoja mkono wake.

Ndipo Panzi akarudi mwisho wa njia na upondo. Akakimbia. Upondo ukapinda, miguu ikapanda, akauachia upondo, mwili ukapita juu ya uzi bila kuugusa. Mama yake hakufumba macho. Aliisikia ile pumzi ndefu ya godoro, akamwona binti yake amelala katikati, mzima, akiangalia juu.

Panzi alipogeuza kichwa na kumkuta mama yake amesimama pale pale, mikono kiunoni, mazoea ya utotoni yakamshika. Akajikokota haraka kuelekea ukingoni, akiinua viatu visichafue kitambaa.

"Nashuka, mama, nashuka."

"Nani kakwambia ushuke?" alisema Mama Kalia. "Kachukue huo mti, uruke tena."